Je, Wajua? Wamaasai Hucheza Bila Kupiga Ngoma

Ukifuata barabara ya Namanga kupitia Kitengela hadi Kajiado, kisha ukakaribishwa kwenye harusi ya Kimaasai, usishangae kukosa ngoma. Kwa jadi, mdundo wote hutoka kooni na mwilini.

• Olaranyani, kiongozi wa wimbo, huanzisha ubeti; wenzake huitikia kwa mngurumo mzito unaokwenda na pumzi. Mgeni asiyejua Kimaa anaweza kujiunga papo hapo, kwenye kiitikio.

• Katika adumu, morani mmoja au wawili huingia katikati na kuruka wima, visigino visiguse ardhi. Kadiri wanavyopaa, ndivyo waimbaji wanavyopandisha sauti.

• Wanawake hutikisa mabega, na mikufu yao mipana ya shanga hupanda na kushuka kwa mapigo ya wimbo.

• Mwaka 2018, UNESCO iliorodhesha Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Ukialikwa, amkia wazee kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, sikiliza, kisha itikia pamoja na wenyeji wako.