Mwami Theresa Ntare: Binti Aliyekalia Kiti cha Enzi

Akina mama wengi wanayajua majina ya Mkwawa wa Uhehe na Mirambo wa Unyamwezi. Huku kwetu Mbozi tumekua tukisikia habari za Mwene wa Wanyiha. Lakini ni wangapi kati yetu wanaomjua Mwami Theresa Ntare wa Sita, aliyetawala Heru, nchi ya Waha, wilayani Kasulu, Kigoma?

Alizaliwa mwaka 1922 katika ukoo wa kitawala. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, alishika utawala. Kiti hicho kilikuwa kimezoea kukaliwa na wanaume.

Mzigo wa Mwami

Kazi haikuwa ya kuvaa vizuri na kupigiwa ngoma. Chini ya Mwami walikuwapo watware waliosimamia maeneo, na wateko, wazee wenye mamlaka ya mila juu ya ardhi. Juu yake alikuwapo Bwana DC. Enzi za Waingereza chifu alitakiwa kusimamia kodi na baraza la mashauri. Asipoangalia, serikali humwona mkaidi, na watu wake humwona msaliti.

Tena Buha ya wakati ule ilitoa manamba wengi waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wanaume waliondoka, wake wakabaki na jembe, watoto na wazee. Nyumba nyingi zilishikwa na mama. Na nchi ya Heru vilevile ilishikwa na mama.

Kutoka ikulu hadi Bungeni

Machifu wa Tanganyika walipokutana Mzumbe, Morogoro, mwaka 1957, Mwami Theresa naye alikuwamo, mwanamke kati ya wanaume. Baadaye alikuwa mmoja wa wanawake wachache katika Bunge la mwanzo, pamoja na Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck.

Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu nchini. Utawala wake wa miaka 17 ukaisha kwa sheria, si kwa vita. Alifariki mwaka 1999.

Sisi na binti zetu

Mwaka huohuo wa 1999 ilipitishwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Hata hivyo, vikao vya ukoo bado hukaa, shamba likagawiwa wavulana, na binti akaambiwa, "Wewe utaolewa." Mara nyingine anayesema hivyo ni mama yake mzazi.

Mama mwenzangu, Waha walimpa binti nchi nzima, na nchi haikuanguka. Je, wewe unaogopa nini kumpa wako ekari moja? Kikao kijacho cha ukoo kikiitishwa, usibaki jikoni. Ingia, keti, na umtaje binti yako kwa jina.