Shibe na Lishe: Jinsi ya Kupima Ubora wa Chakula cha Mtoto

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, si rahisi mgeni kufikiri habari ya upungufu wa chakula. Vihamba vimejaa migomba na mibuni, na pengine yumo ng'ombe wa maziwa zizini. Hata hivyo, mtoto wa miaka mitatu aweza kushiba ndizi kila siku na bado akakosa vitu vinavyoujenga mwili wake.

Sababu yake yaeleweka. Gramu 100 za ndizi ya kupika zina gramu 1 hivi ya protini. Maharage makavu ya uzito huohuo yana zaidi ya gramu 20. Tena tumbo la mtoto ni dogo, nalo hujaa kabla mahitaji yake hayajatimizwa. Upungufu huo ukidumu, hasa ukiandamana na maradhi ya mara kwa mara, mtoto hudumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa.

Basi ubora wa chakula hupimwaje? Njia mojawapo ni mizani: hupimwa kinachopakuliwa, kisha masazo, na tofauti yake ndiyo iliyoliwa. Lakini njia hii humtaka mpimaji ashinde nyumbani, na mama anayetazamwa aweza kubadili mapishi. Kwa hiyo hutumika pia mahojiano: mama huulizwa kila alichokula mtoto siku ya jana, na vyakula hivyo hupangwa katika makundi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wenye makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; kunde na karanga; maziwa ya wanyama; nyama na samaki; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi; na mboga na matunda mengineyo. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 apaswa kupata angalau makundi matano kwa siku. Kwa mtoto mkubwa zaidi makundi hayo husaidia kuhesabu, ingawa kikomo cha matano hakikuwekwa kwa ajili yake.

Chukua mfano wa mtoto aliyekunywa uji wa mahindi asubuhi, akala kiburu cha ndizi na maharage mchana, na mtori jioni. Milo ni mitatu. Je, makundi ni mangapi? Mahindi na ndizi ni kundi moja. Maharage ni la pili. Nyama ya mtori ingekuwa la tatu, iwapo mtoto alikula nyama yenyewe. Supu peke yake haihesabiwi. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuuliza ni nini kilichotiwa chunguni, na ni nini kati yake kilichofika kinywani mwa mtoto.

Aulize pia yai alilopewa mtoto kwa bibi yake, ambalo mama hakuliona. Hesabu ikipungua, mama hulaumiwa bure. Ikizidi, mtoto mwenye upungufu hufichika. Vilevile siku moja haitoshi kumhukumu mtoto mmoja, kwa kuwa chakula cha siku ya soko si cha siku nyingine. Watoto wengi wakiulizwa katika siku mbalimbali, ndipo hali ya kijiji hujulikana.

Mtoto yule wa mfano akiongezewa mnavu, parachichi na kikombe cha maziwa, makundi yake mawili huwa matano, na vyote vitatu vyaweza kupatikana kihambani. Lakini maziwa yote yakienda sokoni, migomba itaendelea kustawi na mtoto ataendelea kushiba, huku kimo chake kikibaki nyuma ya umri wake.