Simu yamwonyesha mjenzi ghala kabla ya msingi kuchimbwa

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wa Shinyanga na Geita hujenga kidogo kidogo. Fedha za mpunga zikipatikana, msingi unachimbwa. Za pamba zikija, kuta zinapanda. Bati hungoja mwaka mwingine. Katika ujenzi wa namna hiyo kinachoumiza si bei ya saruji peke yake, bali kubomoa. Ghala limeshafika kwenye lenta ndipo inagundulika kuwa Fuso halina nafasi ya kurudi nyuma hadi mlangoni, au kwamba fremu ya duka inatazama nguzo ya umeme.

Mara nyingi chanzo ni ramani. Mwenye mali hupewa karatasi yenye mistari na vipimo, akaikunja na kumkabidhi fundi. Si wengi wanaoweza kuitazama karatasi hiyo wakaliona jengo, na kumuuliza mchoraji mara mbili mbili huonekana kama kumsumbua.

Hapo ndipo inapofaa teknolojia ya uhalisia ulioongezwa. Jengo huchorwa kwenye kompyuta likiwa na urefu, upana na kimo, kisha mchoro huhamishiwa kwenye simu. Mwenye kiwanja akielekeza kamera, kioo humwonyesha kiwanja chake kama kilivyo, pamoja na mwembe na ua wa jirani, na katikati yake ghala ambalo bado halijajengwa. Akitembea, ghala hubaki mahali pake. Anaweza kulizunguka na hata kupita mlangoni. Mlango ukiwa upande mbaya, unahamishwa kwenye kompyuta bila kuvunja tofali hata moja.

Wazo lenyewe si jipya. Jina la teknolojia hii lilitokana na wahandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipotafuta njia ya kuwaonyesha mafundi mahali pa kupitisha nyaya. Baadaye ikaja miwani maalumu. HoloLens 2 ya Microsoft ilitoka mwaka 2019 kwa dola 3,500, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaacha kuitengeneza. Aliyengoja hakupoteza kitu, kwani Apple mwaka 2017 na Google mwaka 2018 walikwisha kuuweka uwezo kama huo kwenye simu za kawaida, ingawa si kila simu ya bei nafuu inauweza.

Lakini simu si mpima ardhi. GPS yake hukosea kwa mita kadhaa, na katika kiwanja chenye upana wa mita 15 kosa hilo linatosha kuupeleka ukuta kwa jirani na kesi kwenye baraza la ardhi. Kwa hiyo bikoni zitafutwe kwanza, na mchoro ufungwe kwenye bikoni hizo. Ardhi tupu isiyo na alama nayo huichanganya kamera, picha ikateleza. Fundi anayenyoosha pembe ya msingi kwa kamba ya mita 3, 4 na 5 bado ana kazi yake.

Wala simu haioni kilicho chini, na kwa Shinyanga hili ndilo kubwa. Udongo mweusi ambao Wasukuma huuita mbuga hunenepa ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Mkulima anaufahamu vizuri kwa mpunga, ila akijenga huusahau. Ghala lililopendeza kwenye kioo litapata nyufa vilevile kama msingi haukuchimbwa kupita tabaka hilo, au kama udongo haukuondolewa na kujazwa moramu iliyoshindiliwa. Shimo la majaribio la mita moja au mbili, linalochimbwa kwa sururu, hueleza mambo ambayo kamera haiyajui.

Anayekwenda kwa mchoraji msimu huu aombe, pamoja na karatasi, faili la mchoro unaofunguka kwenye simu. Baadhi ya programu ambazo wachoraji hutumia, kama ArchiCAD, tayari hutoa mchoro wa aina hiyo, kwa hiyo kuombwa faili si kuongezewa kazi nzito. Wakubaliane mapema ni marekebisho mangapi yamo ndani ya malipo. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinahitajika kama kawaida. Na siku ya kulitazama ghala kwenye kioo, dereva wa Fuso naye aitwe kiwanjani.