Safari ya Makka na Watoto: Nani Atangulie?

Wahenga walisema safari ni hatua. Nami naongeza kuwa hatua ya kwanza haianzi kiwanja cha ndege. Huanza mkekani, watu wa nyumba moja wakihesabiana.

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, hesabu hiyo ilianza baada ya Isha, kahawa ikipita. Wanangu waliazimia twende sote Umra likizo ya Desemba, pamoja na watoto. Wakati huo skuli zimefungwa na joto la Makka limepungua. Agosti nayo ni likizo, lakini jua la kule hupita digrii 40, wala si jua la kumtembezea mtoto. Tulikuwa watu 9. Fedha za mchezo na akiba zikatosha watu 7.

Watoto hawakungoja hesabu. Mjukuu wangu wa miaka 6 alikwisha kujitupia shuka begani, akaizunguka meza mara 7, nduguze nyuma yake.

Babu zetu walikwenda kwa meli hadi Jeddah, siku nyingi baharini, na aghalabu mtoto aliachwa kwa bibi. Leo ndege yafika kwa saa chache, ila makaratasi ndiyo bahari yetu. Kila mtoto yampasa pasipoti yake, nayo yataka cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi. Hapo ndipo tulipokwama: kwenye cheti tulimwandikisha mtoto Abdala, na skuli tukamwandikisha Abdalla. Kosa letu wenyewe, la herufi moja, likatula wiki tatu. Kisha kuna chanjo ya homa ya uti wa mgongo na cheti cha homa ya manjano. Zote mbili zidungwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Mwenye nia ya Desemba, basi, asingoje Novemba.

Watoto nao wafundishwe mapema. Sai baina ya Safa na Marwa ni mara 7, jumla yapata kilomita 3, na mguu wa mtoto huchoka. Kila mmoja avishwe mkononi utepe wenye jina lake na nambari ya simu ya mzazi, kwani umati ule humpoteza hata mtu mzima.

Ama swali zito lilikuwa: nani abaki? Mmoja alisema tukope. Nikamkataza, kwani Umra humlazimu mwenye uwezo, na dawa ya deni ni kulipa. Mwingine akasema abaki mama yangu, mwenye miaka 78, kwa ajili ya magoti. Mama mwenyewe akadakia: "Wapelekeni vitukuu vyangu. Mimi nimekwisha kula chumvi ya kutosha."

Nikawakumbusha Hadithi aliyoisimulia Ibn Abbas, ya mwanamke aliyemwinulia Mtume (S.A.W.) mtoto wake, akauliza kama naye ana Hija. Akajibiwa kuwa anayo, na mama ana thawabu. Ibada ya mtoto yasihi, lakini haimwondolei faradhi atakapobaleghe. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, Umra ni wajibu mara moja katika umri kwa mwenye uwezo. Mama hajapata kwenda. Itakuwaje tumpeleke ambaye halijamfikia, tumwache ambaye limemfikia? Magoti yana kiti cha magurudumu, na Msikiti Mtukufu wa Makka una viti hivyo.

Mke wangu nami tulikwenda mwaka 2014. Basi watabaki hao wawili, na hesabu ikatimia 7.

Sitaficha kuwa yaliniuma. Nilitamani niwe mimi wa kumshika mama mkono atakapoiona Al-Kaaba kwa mara ya kwanza. Mkono huo nimemwachia mwanangu, na huenda hilo nalo ni malezi: watoto wataona kwa macho yao nani hutangulizwa.

Jana nilipita chumbani kwa mama. Mkoba wake u wazi. Ametia sanda yake, akaioshe kwa maji ya Zamzam kama walivyofanya wazee wake. Juu ya sanda, mjukuu wangu ameweka viatu vyake vipya.

Mola awafikishe salama, na awarejeshe salama. Amin.