Jalada la Krismasi Lenye Mwezi wa Februari

Kila mwaka mvua za Kitale zikipungua na wauza vitabu vya mitumba, huko na Bungoma, wakatandaza marobota yao kando ya njia, naletewa swali lile lile, na mwulizaji aghalabu amekwisha kulijibu moyoni kabla hajaniamkia: amepata kitabu cha katuni cha shujaa wa Marekani, jaladani pana theluji na Baba Krismasi, na pembeni pameandikwa Februari, je, kosa hili la mchapaji litamletea milioni ngapi?

Hapana kosa. Tarehe ile haikuwekwa kumwarifu msomaji siku ya kuuzwa, bali kumwarifu mwenye duka wakati wa kukiondoa kitabu rafuni, mfano wa tarehe ipigwayo juu ya pakiti ya maziwa. Nakala zisizouzwa zilirudishwa, au hata ilitosha kukata kipande cha juu cha jalada chenye jina na kumpelekea msambazaji, mwenye duka akarejeshewa fedha zake; basi kila mchapishaji, kwa kuhofu kitabu chake kisionekane kimepitwa mbele ya cha mshindani, alitanguliza tarehe kwa miezi miwili au mitatu. Action Comics nambari 1, kilichomzindua Superman, kina Juni 1938 ilhali kiliuzwa Aprili. Nambari 105, ambamo Superman anamsaidia Baba Krismasi kwenye dohani, ina Februari 1947. DC Comics Presents nambari 67, yenye wawili hao hao, ina Machi 1984. Kosa la chapa lenye thamani ni lile lililoingia katika nakala chache likasahihishwa katika zilizosalia. Jambo lililomo katika nakala zote, mwaka hata mwaka, ni desturi, na mtu hatajirishwi na desturi! Hata vitabu vya mwaka vya watoto wa Uingereza, ambavyo bado hujitokeza katika marobota ya Trans Nzoia, vilitolewa kabla ya Krismasi vikiwa na mwaka unaofuata, wala sijasikia mzee aliyedai kwamba ni kosa.

Kinachonisikitisha zaidi ni madhara ya dhana hii. Kijana mmoja wa Bungoma, kwa kuilinda hazina yake, alilipeleka jalada likafungwa ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, na mgongo akaubandika selotepu, ambayo nilipokiona kitabu ilikuwa imekwisha kugeuka rangi ya asali na kupenya hadi ukurasa wa tatu. Theluji ya jaladani ilikuwa ya manjano. Kitabu kile sasa hakitengenezeki.

Majalada ya Krismasi ya siku hizi aghalabu ni majalada mbadala ya toleo moja, huuzwa katika maduka maalumu yasiyorudisha nakala, na tarehe imebaki kwa mazoea tu.

Basi tazama nambari, si mwezi. Soma maandishi madogo ya ndani ujue kama ni chapa ya marudio. Hesabu kurasa, hasa za katikati. Pini zenye kutu usizing'oe. Tia kitabu katika mfuko safi wa plastiki, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Ukitaka kuuza, fuata bei zilizolipwa minadani, si zinazoombwa. Na kama kipande cha juu chenye jina kimekatwa, fedha za nakala hiyo zilirejeshwa dukani zamani. Mpe mtoto aisome.