Neno "native" na Uzito Wake

Kijana wa Nkome akitafuta katika kamusi neno "native" la Kiingereza, hupata maana yake upesi, yaani mwenyeji, mzaliwa wa mahali. Basi hufurahi, maana kwetu mwenyeji ni mtu wa heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema. Na mvuvi mgeni ashukapo ufukoni humwuliza mwenyeji mahali pa kulala.

Walakini maneno hushika moshi wa nyumba yalimokaa. Asili ya neno hili ni Kilatini, nalo lahusu kuzaliwa tu. Lakini Waingereza walipotawala Tanganyika waliliweka katika jina la sheria ya mwaka 1926 iliyohusu mamlaka ya machifu. Mzungu aliyezaliwa papa hapa hakuitwa hivyo. Kwa hiyo neno likawa si la aliyezaliwa mahali tena, bali la atawaliwaye. Wala si ajabu kwamba chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilijiita cha Waafrika.

Ndugu yake ni "boy". Kamusi yasema ni mtoto wa kiume. Lakini mabwana walimwita hivyo mtumishi mwenye mvi na wajukuu, hata Kiswahili kikapata neno boi. Huko Marekani nako watu weusi waliitwa hivyo ili kuvunjiwa heshima.

Tena tazameni ajabu: Mwingereza akisema "native speaker", amemsifu mtu aliyekua na lugha yake tangu utotoni. Neno ni lile lile! Likiambatana na lugha, au na mti wa asili, halina ubaya. Likisimama peke yake juu ya mtu, lauma.

Nasi twaweza kuwaumiza wengine. Mtoto aliyezoea kumheshimu mzee humwambia mama wa Kiingereza kwamba yeye ni "old", naye mama asisikie heshima, asikie uchakavu.

Kwa hiyo, walimu, msiwape watoto neno tupu. Waulizeni: nani alisema, alimwambia nani, naye aliyeambiwa alipendezwa? Kamusi za wanafunzi za siku hizi huonya kando ya neno kwamba ni la kale au la kuudhi. Onyo hilo huchapwa kwa herufi ndogo, na watoto wengi hulipita bila kulisoma.