Wema wa watu watakaoonana kesho

Mtoto ametumwa dukani, Pangani mjini, na chupa ya kupimiwa mafuta ya kula. Mwenye duka anamimina kipimo kimoja, anaitazama chupa, anaongeza kidogo tena, kisha anamwambia: "Mwambie mama chenji sikuwa nayo, nimemmalizia kwenye mafuta." Hela aliyokuja nayo mtoto ilikuwa kamili. Haikuwa na chenji yoyote. Mwenye duka anajua hilo, na mama atajua mara tu mtoto atakapofika nyumbani na ule ujumbe. Anachojua zaidi mwenye duka ni kwamba kusi limechacha wiki hii, vyombo vidogo haviendi mbali, na baba wa nyumba ile ni mvuvi.

Kesho mama mwenyewe atakuja kununua sukari. Watasalimiana, wataulizana hali za watoto, watalalamikia upepo. Habari ya mafuta haitatajwa.

Wahenga walituagiza tutende wema twende zetu. Agizo zuri, lakini katika mji mdogo mtu anakwenda wapi? Uliyemsaidia usiku utamkuta sokoni asubuhi, msikitini adhuhuri, kwenye baraza ya kahawa jioni, na wiki ijayo mtapokezana jeneza njiani. Ukimsaidia kwa namna ya kumwinamisha kichwa, umemfungia njia zote hizo. Kwa hiyo watu wa miji hii wamejifunza kumsaidia mtu kwa namna ambayo kesho yake ataweza kukusalimia bila kuona haya. Nimeishi kwenye miji mikubwa, nimeishi kwenye midogo, na kwangu mimi huo ndio ustaarabu wa hali ya juu kabisa tulio nao. Sioni ukiandikwa vya kutosha.

Pangani uko kilomita zisizozidi 50 kusini mwa Tanga, pale mto unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru unapoingia Bahari ya Hindi. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla jasho halijakauka: Boma, hospitali ya wilaya, soko, maduka ya zamani yenye milango mizito ya mbao, minazi, na mto. Udogo huo ndio unaofanya kazi. Mtu asipoonekana kwenye kahawa siku mbili, yupo atakayepita kwake kuuliza.

Tazama mvua inapokuja bila taarifa. Nyumba nyingi zina kitu juani: nguo kwenye kamba, mhogo kwenye mkeka, nazi zilizopasuliwa zikaanikwa ziwe mbata. Wingu likitanda na mwenyewe yuko shamba, jirani hangoji kuombwa. Anatupa jembe lake, anaruka uani kwa mwenzake, anaanua. Mwenye nyumba akirudi anakuta nguo zake zimekunjwa juu ya jamvi la jirani, mkeka umeviringishwa na mhogo ndani. Jambo lenyewe ni la dakika chache, lakini mhogo ukinyeshewa na kuota ukungu, nyumba imepoteza chakula cha siku nyingi. Kwa uzito huo ungetegemea kusikia shukrani ndefu. Utakachosikia ni "Kumbe ulikuwepo," na jibu lake, "Nilikuwepo."

Kwenye diko, wavuvi wanaporudi, kuna utaratibu wa zamani kuliko ofisi yoyote ya uvuvi. Anayesaidia kukivuta chombo nchi kavu anapewa kitoweo. Vijana wanakamata pande zote mbili za ngarawa, wanahesabu, wanavuta kwa pamoja. Katikati yao utamwona mzee ambaye mikono yake haina nguvu tena ya kusogeza hata kiti. Ameshika mrengu kwa kiganja kimoja. Anatembea nao hatua kwa hatua, anaitikia pamoja nao, na chombo kikishatua anapewa samaki wake wawili kama wengine. Hakuna anayempa sadaka. Amevuta chombo, amelipwa. Nahodha angeweza kumtuma mtoto ampelekee samaki nyumbani, ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu. Lakini mzee yule alivua bahari hii kabla nahodha hajazaliwa, na anayejua kumheshimu mvuvi anamwacha aje diko.

Halafu kuna daftari la madeni. Kila duka la mtaani linalo, limekunjika pembe, limelowa mafuta, majina yameandikwa kwa namna ambayo mgeni hawezi kuyasoma: Mama wa kona, Fundi baiskeli, Babu wa mnazi mmoja. Wataalamu wa biashara ndogo huwashauri wenye maduka waache kukopesha, na kwa hesabu za karatasi wana haki, maana maduka mengi yamekufa kwa mikopo. Ila muulize mwenye duka kama anaweza kumwambia mteja wa miaka 20 kwamba leo unga haupati kwa sababu mwisho wa mwezi uko mbali. Atakujibu: "Mtu huyo ndiye aliyekaa na mke wangu hospitalini alipojifungua." Hesabu hiyo nayo ni deni, na haimo daftarini.

Mtu akifariki, kabla ya maziko hutangazwa kuwa yeyote aliyekuwa akimdai marehemu aende kwa warithi. Wapo wenye maduka wanaosimama palepale makaburini, wanasikia tangazo, wanajua ukurasa wa marehemu una mistari mingapi, na hawafungui mdomo. Mjane hatajua. Na hilo ndilo wanalotaka.

Kuhusu misiba ningeweza kujaza gazeti zima. Habari inapotoka, vijana wanachukua majembe na makoleo kwenda kuchimba kaburi bila ujira, wanawake wanafika na mchele uliofungwa kwenye kanga, masufuria makubwa yanatoka yalikohifadhiwa, majamvi yanatandikwa, na mtu mmoja mwenye hati nzuri anakaa na daftari la rambirambi. Hapa Pangani jambo hili lina historia yake. Vitabu vinaukumbuka mji kwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapa Desemba 1889. Vinaukumbuka pia kwa mkonge: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na mji. Miche ile ilizaa mashamba, na mashamba yakaita watu. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, walikuja kutoka kusini, kutoka bara, hata kutoka Burundi, na wengi wao hawakurudi. Walizeeka mbali na wazazi, mbali na wajomba, mbali na kila mtu ambaye kwa mila angepaswa kuwazika.

Nani awazike? Hapo ndipo utani ulipofanya kazi kubwa ambayo vijana wa leo wanaidhania ni matani tu. Mzigua na Mnyamwezi walikuwa watani tangu zama za misafara, na mtani ana haki na wajibu wake msibani: anafika bila kuitwa, anashika kazi ngumu, anawachekesha wafiwa hata pale ambapo mtu mwingine angepigwa. Mgeni asiye na ndugu alikuwa na mtani, na mwenye mtani hakuzikwa peke yake. Ukikuta leo mtaa wa Pangani unamzika kwa heshima mtu aliyehamia juzi kwa kazi ya uashi, jua kwamba mji ulijifunza somo hilo kwa vizazi, kwa watu walioletwa na mkonge.

Sisemi kwamba mji mdogo ni pepo. Macho yanayoona kwamba jikoni kwako moshi haujafuka ndiyo hayohayo yanayoona nani ameingia kwako usiku. Binti aliyepata mimba shuleni anaujua uzito wa macho hayo. Kijana aliyeachishwa kazi Dar es Salaam akarudi na begi moja anaujua. Mtu anaweza kubebwa na mji kwa pilau na kuuawa na mji huohuo kwa maneno. Yapo pia mambo ambayo wema wa jirani hauwezi kuyatibu: mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Bombo mjini Tanga anahitaji gari na dawa, na mchango wa mtaa hauwezi kila siku kuziba pengo la huduma ambazo wananchi wanastahili. Majirani wakisifiwa sana, wenye dhamana wasipate pa kujifichia.

Lakini kuna jambo linaloniumiza zaidi ya umbea, nalo limeingia na simu. Mtu anapeleka kilo tano za unga kwa bibi kikongwe, na kabla ya kumkabidhi anamsimamisha mbele ya mlango wake uliooza, anamwambia ashike mfuko vizuri, atazame kamera. Bibi anatazama. Picha inazunguka kwenye makundi ya simu mpaka kwa wajukuu zake walioko mbali. Unga utakwisha baada ya wiki, picha itabaki. Najua watoaji wengi wana nia njema, na wengine wanasema bila picha wafadhili hawachangi. Nawajibu kwamba mpigeni picha mfuko. Bibi huyu kesho anakwenda kisimani, na kisimani kuna watu.

Sasa daraja linajengwa juu ya Mto Pangani, kwenye barabara ya Tanga hadi Bagamoyo inayopita Saadani. Hadi sasa mji na ng'ambo ya Bweni vimeunganishwa na pantoni, na gatini ndipo mji mzima hukutana: wanafunzi, wauza nazi, bodaboda, kuku waliofungwa miguu, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mtu na barua ya rufaa. Kungoja kumefanya kazi kubwa hapo. Mgonjwa akifika, foleni inapasuka yenyewe. Aliyepungukiwa nauli anasikia sauti nyuma yake, "Yuko na mimi," na aliyesema hayo anageukia mazungumzo mengine haraka ili asishukuriwe. Mtu wa kijiji cha Mkwaja anayerudi nyumbani hukabidhiwa dawa za watu watatu na salamu za watu sita.

Nalitaka daraja hilo. Mama mwenye uchungu wa kujifungua Bweni usiku wa manane, wakati pantoni imefunga kazi na mwenye mtumbwi lazima akaamshwe, hawezi kuambiwa kwamba kungoja kuna faida zake. Magari yapite, na yapite saa zote.

Ila daraja lisituondolee pa kukutania. Ninachoiomba Halmashauri ya Wilaya ya Pangani ni kidogo na hakigharimu sehemu ya nguzo moja ya daraja. Kila upande, mjini na Bweni, pajengwe banda la abiria lenye paa, mabenchi yanayotazamana, bomba la maji, na nafasi ya muuza kahawa na wauza karanga walioko gatini leo, wapewe wao kwanza. Bodaboda wapangiwe kituo palepale, wasitawanywe barabarani. Wazee wa pande zote mbili waulizwe mapema banda likae wapi, kabla michoro haijagongwa muhuri, maana wao ndio wanaojua watu hupenda kusimama wapi jua likiwa kali.